Nakubali, au Duka Halifunguki

Jumatatu, 3 Machi 2025

Steven amenipita tena. Kibanda chake kinatazamana na meza yangu hapa kwenye duka la vitenge la dada Candida, na kazi yetu ni moja: kuwawekea wenye maduka ya Kariakoo programu ya kuuzia na kuhesabu mzigo. Programu yenyewe ni ileile, ya bure. Imetengenezwa na watu wasiotujua, wakaiacha mtandaoni aichukue anayetaka. Sisi tunauza ufundi tu. Steven huwaambia wateja hivyo hivyo, nao wanampenda. Ukweli gani huu wa kuharibu biashara!

Nimepata wazo. Mteja akiwasha kompyuta, kwanza akutane na leseni yangu ndefu, na chini yake kitufe kimoja: NAKUBALI. Asipobonyeza, programu haifunguki. Nani atathubutu kukiita cha bure kitu chenye masharti kurasa tisa?

Jumanne, 4 Machi

Masharti ni kazi ya wanasheria. Nikachukua mkataba wa pango wa fremu ya dada Candida, kwenye droo yake, bila kumwambia. Penye "mwenye nyumba" nikaweka "mwenye programu". Penye "mpangaji", "mtumiaji". Kompyuta ilibadilisha yote kwa sekunde moja. Sikuisoma tena. Leseni husomwa na nani? Majina ya waliotengeneza yalikuwa yanajaza nafasi, nikayafuta, nikaweka langu. Limependeza.

Hadi saa kumi jioni, maduka kumi na moja. Wote wamebonyeza kama wanaua mbu. Kesho ni Mzee Devendra wa vifaa vya ujenzi, Mchafukoge. Yeye ndiye aliyenipa kazi ya kwanza nilipotoka Rombo. Wiki hii anawatajia wenzake wote wa vifaa vya ujenzi fundi mmoja wa kuaminika. Nataka jina liwe langu. Nalitaka kuliko chakula.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi kanisani, nimepakwa majivu. Padri kasema tujutie dhambi zetu. Sikukumbuka yoyote.

Mzee Devendra hakubonyeza. Kavaa miwani, kavuta kiti, kaanza kusoma. Nikamwambia mzee, hiyo ni kawaida tu, wewe bonyeza. Akajibu kwamba aliwahi kupoteza fremu kwa kusaini bila kusoma, na tangu siku hiyo hata kadi ya harusi anaisoma mara mbili. Duka likasimama. Wateja wa misumari wakahamia kwa jirani. Mwisho akasema kwa upole kuwa mkataba mzito namna hii hauwezi kukosa muhuri wa serikali ya mtaa. Akauchapisha wote. Twende kesho, mimi na yeye. Nikakubali, ningesemaje?

Alhamisi, 6 Machi

Aibu. Sijui niandikeje.

Ofisi ilijaa. Mwenyekiti, Mzee Rajabu, alikuwa amefunga na koo lake kavu, lakini desturi yake ni kusoma mkataba kwa sauti kabla ya kugonga muhuri. Akasoma. Mtumiaji asifuge kuku wala kupikia mkaa ndani ya programu. Mtumiaji akihama apake rangi nyeupe na kurudisha funguo. Choo ni cha kuchangia. Hata waliokuwa nje waliingia kusikiliza. Mzee Rajabu akaniuliza choo cha programu kiko upande gani. Watu walicheka hadi kushikana. Mzee Devendra hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Halafu Tanvi, mjukuu wa Mzee Devendra anayesomea kompyuta, aliyefuatana nasi, akatoa leseni ya kweli kwenye simu. Inasema mtu aitumie programu apendavyo, wala halazimiki kukubali chochote. Mwenye masharti ni anayeigawa kwa wengine, na sharti mojawapo ni kuacha majina ya waliotengeneza. Wako kumi na wanne. Tanvi akauliza wako wapi. Nikatazama viatu vyangu. Wanasema za mwizi ni arobaini. Zangu hazikufika hata tatu.

Mzee Devendra akanivuta pembeni. "Gaudens, mimi ningekulipa kwa ufundi wako. Hawa watu umewafutia majina kwa nini?" Fundi aliyewatajia wenzake ni Steven.

Dada Candida naye keshajua kuwa mkataba wake umesomwa hadharani, mpaka kodi. Amenitolea kwa Kichaga maneno ambayo sitayaandika.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa Mzee Devendra. Shikamoo. Marahaba. Nimekiri yote. Kasema nirudishe majina, niondoe kile kitufe, kisha niwaombe radhi wenye maduka, mmoja mmoja. Nikifanya hivyo atanitazama upya. Nimelia kidogo nyuma ya marobota ya vitenge. Nimeelewa sasa: aliyelazimishwa kukubali hajakubali. Neno hilo nimelipigia mstari.

Jumamosi, 8 Machi

Majina yote kumi na manne yamerudi. Leseni ya kuku nimeitoa. Kuzunguka duka kwa duka kungenimalizia siku, na jua hili. Nimeandika radhi fupi, ya dhati kabisa, nikaituma kwenye kompyuta zote kwa mpigo mmoja. Inatokea mteja anapofungua programu, na chini yake kuna kitufe: NIMEKUSAMEHE. Asiyebonyeza hauzi.

Hadi saa nne asubuhi, wote kumi na mmoja walikuwa wamenisamehe. Orodha nimeichapisha vizuri. Nampelekea Mzee Devendra mchana huu, aone mwenyewe kuwa wamefanya hivyo kwa hiari yao.