Mume Wangu Aondolewe Darasa la Mfarishi

Kwa Mwalimu wa Ushonaji,
Darasa la Jumamosi.

Mwalimu uliye mstahimilivu,

Pokea heshima zangu. Mimi ni mke wa yule mwanafunzi wako mwenye kipara, dereva wa lori mstaafu, ambaye wenzake darasani wanamwita Tani Saba. Nakiri kwamba mimi ndiye niliyemwandikisha, kwa kuwa tangu astaafu alikuwa akishinda sebuleni anatazama ukuta kama anayesubiri kupakiwa mzigo. Nilitaka apate shughuli. Sikuomba apate mapenzi mapya.

Umemfundisha kushona mfarishi wa viraka kwa vitambaa vyenye maua yaliyochapwa pindoni tu. Ukamwambia mapindo mawili yanapokutana kwenye pembe, ua lionekane limejikunja lenyewe, mshono usijulikane. Basi, Mwalimu, haya ndiyo yaliyotupata:

1. Pazia la mlangoni limekatwa pindo. Sasa wapita njia wanaona miguu yetu, na jirani ameshaniuliza kwa nini ndala zangu hazifanani.

2. Gauni langu la kuendea harusi za watu, lililokuwa likifika kwenye vifundo vya miguu, sasa linaishia magotini. Nilipolia, aliniambia nina magoti mazuri. Hilo nimelisamehe, ila lisifutwe kwenye orodha.

3. Wifi yangu alikuja kutusalimia amevaa sketi yenye majani chini. Mume wangu hakumwangalia dada yake usoni hata mara moja. Mwishowe akamwuliza, "Dada, hilo pindo unalihitaji sana?" Wifi aliondoka bila kumaliza chai, na njia nzima aliishika sketi kwa mikono miwili.

4. Hili ndilo linaloniuma. Miaka thelathini na moja alikuwa safarini. Kila alipopita nyumbani tuligombana vizuri, tukapatana vizuri. Nilihesabu siku za kustaafu kwake nikijua sasa tutagombana kila siku kama watu wengine. Leo nikimwambia bomba linavuja, ananijibu, "Shika hapa, mke wangu, usitingishike." Juzi nilimwuliza waziwazi kama ananipenda mimi au hicho kitambaa. Akasema, pini zikiwa mdomoni, "Ngoja kwanza nikate kona."

Kona yenyewe ameikata mara sita, akaifumua mara sita.

Kwa hiyo naomba: mosi, afukuzwe kwa utovu wa nidhamu, ambao utaubuni wewe. Pili, ikishindikana, apewe kitambaa cheupe kisicho na ua hata moja. Tatu, viwanda vya nguo vikatazwe kuchapa maua pembeni; maua yakae katikati, kama watu wenye adabu zao.

Nisalimie darasa zima, hasa yule fundi viatu anayekaa karibu naye, na bibi wa mashine ya kwanza. Wao sina neno nao.

Ni mimi, niliyebaki bila pindo,
Mke wa Tani Saba.

Tanbihi: Barua imechelewa siku nne kwa sababu nilishikwa na homa. Mume wangu alinifunika ule mfarishi kabla haujakwisha, akakaa kando ya kitanda bila sindano wala mkasi mpaka nikapata nafuu. Mfarishi bado una pini kumi na moja. Najua idadi kwa kuwa zote zilinichoma, nikanyamaza asije akauondoa. Usimfukuze. Barua hii ichane, ila salamu zifike.