Ilani Yangu na Zahanati ya Mtaa

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Halmashauri inataka kumkabidhi mwekezaji zahanati yetu ya umma. Msiba kwa mtaa, najua. Lakini hatimaye tabaka tawala limejileta lenyewe! Mimi ni karani wa masjala ya halmashauri mchana, mwanamapinduzi saa zote. Nimeanza kuandika ilani papo hapo. Kurasa kumi kabla ya chakula, na bado sijafika kwenye zahanati. Niko kwenye chimbuko la dola.

Mke wangu ni muuguzi wa zahanati hiyohiyo. Kaniomba nimsaidie kubeba mabenchi Ijumaa. Wauguzi na wagonjwa watakaa mlangoni diwani akija. Nimemweleza kwa upole kwamba mabenchi hayajawahi kuangusha mfumo. Kanitazama kama anayetafuta pa kunichoma sindano.

Jumanne, 4 Machi

Mkutano wa tawi la chama, chumbani kwa Fundi Cherehani. Wanachama tisa, wote wamefika! Fundi, hasimu wangu, kavaa bereti aliyoishona mwenyewe. Kasema dola ni chombo cha mabepari, kwa hiyo kutetea zahanati ya serikali ni kumtetea adui. Nikasema zahanati ni jasho la umma lililokamatwa na adui. Tumebishana saa tatu nzima. Raha iliyoje! Mama mkwe, naye mwanachama, akauliza wajawazito watakwenda wapi. Tukamwambia hoja hiyo iko kwenye mengineyo.

Kisha pigo langu. Nimependekeza tufute cheo cha mwenyekiti, maana sote ni sawa. Kura tano kwa nne! Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, kafunga begi lake, kaondoka. Hapo hapo nikapendekeza cheo kipya, Mratibu Mkuu, nikajitolea. Kura moja. Yangu. Hata mama mkwe hakunyoosha mkono. Eti alidhani wanahesabiwa wanaotaka chai.

Jumatano, 5 Machi

Tumegawanyika! Fundi kaanzisha Tawi Halisi. Mimi nimeanzisha Tawi Halisi Hasa. Wanachama: mimi na mama mkwe, aliyenichagua kwa sababu viti vyangu vina egemeo. Historia inakimbia, jamani.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Nilichapa ilani kwa kompyuta ya ofisi, kurasa arobaini. Zikatokea kwenye printa ya mkurugenzi! Nimemkuta anasoma, miwani puani. Nikaona kazi imeota mbawa.

"Ukurasa wa kumi na mbili umeniita mnyonyaji mara saba," akasema. "Lakini una kalamu, bwana."

Akaniagiza niandike upya tangazo la kukabidhi zahanati, maana lao halisomeki. Ningekataa. Nilikusudia kabisa kukataa. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia nina kalamu! Nimeandika kwa moyo wangu wote, kwa lugha nyepesi: kuanzia mwezi ujao zahanati si yenu tena, kliniki ya wajawazito itafungwa, mwenye neno aje zahanati Ijumaa saa nne. Limebandikwa mtaani kote kabla ya saa kumi jioni. Mke wangu kalisoma kwenye nguzo, akaja akiwaka, akauliza nani kaandika. Nikasema mabepari wamepata mtu hodari.

Ijumaa, 7 Machi

Umati! Tangazo la kwanza lilisema "mageuzi ya kimfumo ya umiliki", hakuna aliyeshtuka. Langu limemtoa kila mtu nyumbani. Mabenchi, mikeka, ndoo zilizopinduliwa, vizee, wajawazito wenyewe.

Mke wangu kasimama ngazini na sare yake nyeupe. Hakupaza sauti.

"Mheshimiwa diwani," akasema, "mwanao wa pili alizaliwa humu. Umeme ulikatika, nikamzalisha mkeo tochi ikiwa mdomoni. Sikumuuliza mna chama gani wala mna uwezo gani. Kila anayeingia humu anatibiwa hivyo hivyo. Ndiyo maana haiuzwi."

Diwani kainama. Kisha nikaona nafasi ya kusoma ilani! Fundi naye kaiona. Tukakivamia kipaza sauti cha diwani pamoja. Kavuta, nimevuta. Bereti ikaanguka, nikaikanyaga, akanikwida shati. Mama mkwe katutenganisha, kila mmoja kwa sikio lake. Tulipoinua macho, diwani na mkurugenzi walikuwa wameshatia saini mbele ya watu: hakuna kukabidhi. Vigelegele! Wasioweza kutembea wanacheza wamekaa! Nikauliza nani kasikia japo ukurasa wa kwanza. Hakuna.

Jumapili, 9 Machi

Tathmini: ushindi ni wa nadharia. Wengine walibeba samani tu.

Leo asubuhi mtaa umechagua kamati ya kusimamia zahanati. Mke wangu ndiye mwenyekiti, kwa makofi, bila mpinzani. Fundi anashona mapazia ya wodi, mwalimu anaandika kumbukumbu, mama mkwe anapanga foleni kwa sauti inayofika barabarani. Wote wanafurahi, jambo la kutia shaka. Mimi wamenipa kuandika vibao vya "Nawa mikono". Mimi! Nimekataa.

Lakini nimeona mwanga! Umma unahitaji kiongozi aliyekomaa kifikra. Nitagombea dhidi ya mke wangu. Uchaguzi mwingine hawajautangaza, ila kampeni haisubiri. Nimemwambia uso kwa uso, maana mimi si mnafiki.

"Na sera yako ni ipi, baba watoto?" akauliza.

Nikasema iko njiani. Kacheka mpaka kashika ukuta. Kisha kakubali kunipigia pasi shati la kampeni. Maskini, hajui anampigia pasi mshindi!