Wimbo wa Taifa na Nguruwe Wangu Mabel

Plum Fork, Nebraska
9 Juni

Kwa Bi. Verna Stohlmann,
Mwenyekiti, Kamati ya Sikukuu ya Uhuru

Mheshimiwa Bibi,

YAH: KUPUNGUZA WIMBO WA TAIFA

Natumaini hujambo na goti limepata nafuu. Mimi ni mzima, ila moyo umejaa. Nchi hii naipenda: bendera ninayo mlangoni, nyingine kwenye trekta, na soksi zangu usiniulize. Lakini tarehe nne Julai mwaka jana tuliimba wimbo wa taifa mara sita kabla ya chakula cha jioni, na hapo ndipo penye malalamiko.

1. Tuliimba kabla ya besiboli. Sawa. Tukaimba kabla ya mashindano ya kula pai, kisha tena kabla ya fainali ya pai. Walaji walewale, pai zilezile, na nchi haikuwa imebadilika hapo katikati.

2. Mkono wa kulia sharti uwe kifuani. Wangu ulikuwa na mkate wa soseji uliojaa haradali, na wa kushoto ulikuwa na kofia. Niliuweka kifuani kama raia mwema, na shati lile halijatakata mpaka leo. Jirani yangu Duane akaninong'oneza, "Orville, hiyo medali umepewa lini, bwana?"

3. Sasa lenyewe: mbio za nguruwe. Krystal wa posta, mwimbaji wetu, alipopandisha ile sauti ya juu ya karibu na mwisho wa wimbo, nguruwe walishtuka, wakaangusha geti, wakatoka nduki. Mabel wangu, aliyefanya mazoezi tangu Machi, akatokomea kwenye mahindi ya Duane. Watu mia nne tulimwona. Hakuna aliyesogea! Tulisimama mikono vifuani, tukimsindikiza kwa macho, huku Krystal akilivuta neno la mwisho mpaka nikadhani amesahau linavyoisha. Duane akanong'ona tena, "Ukikimbia sasa hivi, mzee, ujue umehamia Kanada." Nikabaki. Mabel alipatikana Jumanne, amenenepa. Utepe wa mshindi alipewa nguruwe wa Duane, aliyebaki peke yake uwanjani kwa sababu alikuwa amelala.

4. Kwa hiyo naomba wimbo uimbwe mara moja tu, asubuhi, nguruwe wakiwa bado makwao. Ikishindikana, kamati itangaze uwanja wa nguruwe kuwa nchi ya kigeni kwa dakika kumi, ili mtu aweze kufukuza mali yake bila kuisaliti Marekani.

Nisalimie Bw. Stohlmann na wanakamati wote, hata Duane ukimwona.

Ni mimi raia wako, ambaye bado nimesimama,
Orville Haskamp

N.B. Tangu Aprili namwimbia Mabel bandani kila asubuhi ili azoee. Sasa nikifika kwenye ile sauti ya juu anasimama tuli, hata ndoo ya mahindi haitazami. Nami nimegundua jambo la aibu: tukifika hapo machozi hunitoka, na tuko wawili tu, hakuna wa kumwonyesha. Basi barua hii ichane. Wimbo uimbwe kabla ya mbio, beti zote, na Krystal avute atakavyo. Nasikia nguruwe wa Duane mwaka huu amepunguza usingizi, na yeye hajaimbiwa hata siku moja.