Laptop Niliyoiponda Mwenyewe

Jumamosi, 6 Desemba 2025
Niko likizo kwa dada Kabula, mwenye saluni hapa Tunduma. Leo baba kaja kutoka Kamsamba. Kauza dume jeusi la ng'ombe mnadani na anataka kuninunulia laptop ya chuo kabla pesa hazijaota miguu. Bado sijafanya hata mtihani wa kidato cha sita! Sikubisha. Nimeshaichagua: ile ya kijivu dukani kwa Twaibu, yenye kadi ya michoro. Bila kadi hiyo, programu ya kuchora madaraja haifunguki. Uhandisi wangu wote umo humo!

Mpango: mbinu ya mnadani. Baba mwenyewe kanifundisha. Ng'ombe unayemtaka, usimsifu. Mponde mpaka mwenye mali aone haya.

Jumatatu, 8 Desemba
Niliponda! Mimi, ninayeomba hata chumvi dukani kwa kunong'ona! Feni inakoroma. Betri imezeeka. Bawaba zimelegea. Kadi ya michoro ni ya enzi za babu. Uongo mtupu. Twaibu akauliza, "Mdogo wangu, mashine imekukosea nini?" Bei ikashuka. Ikashuka tena.

Baba akasema mgonjwa huyo tumwache. Akachukua nyeupe, nyembamba, ya kuandikia barua! Nikamkonyeza. Akauliza kama nimeingiwa na vumbi jichoni. Nikafungua mdomo nikiri, lakini tayari alikuwa anamwambia Twaibu kwamba mwanawe huyu hajawahi kusema uongo tangu azaliwe. Ningesemaje? Na mtu anasahauje mbinu yake mwenyewe? Eti mnada ni wa ng'ombe, mambo ya kompyuta anamwachia msomi!

Jumanne, 9 Desemba
Dhuluma! Baba karudi kwa Twaibu peke yake, kainunua ile ya kijivu kwa bei niliyoishusha mimi, kampa Kabula apigie muziki saluni. Kwa kazi ya nyimbo, alisema, hata kilema anatosha. Kadi ya madaraja inawachezea nyimbo za Kibemba wateja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia! Yangu nimeijaribu. Programu imegoma, kisha mashine ikajizima, kana kwamba mimi ndiye niliyeikosea.

Jumatano, 10 Desemba
Nimemshauri Kabula tubadilishane, kwa kuwa ile ya kwake italipuka. Akasema, "Sasa wewe unaitakia nini, Manase? Umechoka kuishi?" Mteja wake Goodness akacheka mpaka msuko ukamponyoka Kabula mkononi. Kwa hasira nikatoboa kwamba ndiyo laptop bora kuliko zote Tunduma.
Kabula akasema basi, haitoki hapa.

Alhamisi, 11 Desemba
Kesho, kabla ya kuondoka, baba ataninunulia kikokotoo. Kasema nichague mimi, kwa kuwa sidanganyi. Nimeshakiona kimoja kizuri ajabu.

Kosa la Jumatatu nimelijua. Niliponda kwa upole mno.

Kesho nitapiga kelele.