Mwalimu wa Kuogelea Asiyelowa

Jumatatu, 2 Desemba. Mikumi.

Nimepita! Karibu nipite. Wakala wa Dar anayepeleka vijana kufanya kazi kwenye kambi za watoto huko Marekani amenipigia asubuhi. Kambi yenyewe iko kando ya ziwa. Watoto wa kule shule zikifungwa wakati wa kiangazi hupelekwa porini kuimba, kukimbizana na kulala kwenye vibanda vya mbao, na vijana kama mimi hulipwa kuwaangalia. Kulipwa kwa kucheza! Nimezaliwa kwa ajili ya kazi hii, isipokuwa nimezaliwa Berega.

Dada wa ofisi ya wakala, ndiye aliyepiga, akauliza kama naweza kuogelea. Nilitaka kusema hapana. Mdomo ukasema mimi ni mwalimu wa kuogelea. Sijui ulikoyatoa. Akafurahi sana. Akasema basi nimtumie video fupi nikiwafundisha watoto ndani ya bwawa, kabla ya Jumapili ya tarehe kumi na tano.

Habari mbaya: nafasi iliyobaki ni moja na tumebaki wawili. Mwingine ni Vaileth, yule mwalimu wa chekechea kutoka Masanze, anayevaa filimbi shingoni hata akienda sokoni. Huwa anawapulizia bodaboda. Na bodaboda wanasimama.

Mama mdogo Yusta, ninayekaa kwake na kumsaidia mgahawani, akauliza tangu lini naogelea. Nikamjibu kuogelea ni suala la mwili, mwili wenyewe unajua. Akasema hata gunia la mahindi lina mwili.

Jumanne, 3 Desemba. Mikumi.

Nimeanza mafunzo. Mbinu: video za kwenye simu, pamoja na benchi refu la mgahawa. Unalala kifudifudi, unatupa mkono wa kulia, wa kushoto, unageuza shingo, unavuta pumzi. Mikono imeshakubali. Miguu inagonga meza.

Saa ya chakula cha mchana wakaingia madereva wa malori ya Tunduma. Mmoja akamwuliza mama mdogo kama huyu kijana ana degedege. Mama mdogo akasema hapana, anakwenda Marekani. Dereva akanitazama kwa muda, halafu akaomba afungiwe chakula chake akalie njiani.

Nimefukuzwa kwenye benchi. Haidhuru. Nadharia nimemaliza.

Alhamisi, 5 Desemba. Kilosa.

Leo vitendo. Nimepanda gari la asubuhi hadi Kilosa, kwenye mto Mkondoa, nikiwa na kaptula mpya na taulo la mama mdogo (hajui). Mto huu ulishabeba nyumba za watu, ulishabeba hadi reli. Nikasema huo ndio mto wa kumfaa mwanaume.

Mvua hazijaanza. Maji yamenifika kwenye vifundo vya miguu.

Nikalala hivyo hivyo. Nauli nilishalipa. Nikatupa mkono wa kulia, nikatupa wa kushoto. Mchanga ukaingia kila mahali. Wanawake waliokuwa wakifua wakaacha kufua. Akaja mzee mmoja wa pale, Mzee Mwinshehe, akasimama juu ya kichwa changu na baiskeli yake. Nikamwamkia shikamoo nikiwa bado nimelala. Akaitikia marahaba, akauliza kama nimeanguka au nimesukumwa. Nikasema najifunza kuogelea. Akafikiri. Akasema hapa kwao mto ukijaa watu hawajifunzi kuogelea, wanapanda juu ya paa.

Akaenda zake. Nusu ya wanawake wakaendelea kufua. Nusu wakaendelea kunitazama.

Jumapili, 8 Desemba. Berega.

Kosa langu lilikuwa kumpigia mama simu. Mama alimwambia baba, baba akamwambia mchungaji. Leo nimeitwa mbele ya kanisa zima kuombewa safari.

Nilijaribu kumweleza mchungaji mapema kwamba jambo halijathibitishwa. Akasema ndiyo maana tunaomba. Wazee wakaniwekea mikono kichwani. Mikono mizito, ya watu wanaolima. Shangazi Katarina alilia kwa sauti hadi kwaya ikakosa pa kuingilia. Mama akaniambia kitu kwa Kikaguru, na huwa hatumii Kikaguru nami ila akiwa na furaha sana au hasira sana. Ilikuwa furaha. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya.

Baba amenipa koti lake la harusi. Zito, la sufu, amelihifadhi kwenye sanduku miaka yote. Amesikia ng'ambo kuna baridi. Kambi ni ya kiangazi, watoto wa kule watavaa bukta. Sikumwambia. Nililivaa nikatembea nalo hadi barabarani juani, yeye akinisindikiza, na kila tuliyekutana naye akasimamishwa ili alione. Kila mmoja alisema limenikaa. Limenibana kwapani.

Sasa siwezi kushindwa. Lazima video ipatikane.

Jumanne, 10 Desemba. Mikumi.

Mpango mpya, na huu ni wa akili. Kuogelea si lazima kuogelea. Lazima ni kuonekana.

Hussein, niliyesoma naye sekondari, anasafisha bwawa la kuogelea kwenye loji moja nje kidogo ya mji. Ijumaa hakuna wageni. Amekubali kutuingiza na kunishikia simu, mradi tusiwape nyani chakula.

Bwawa ninalo. Watoto sina. Mjini mwenye watoto wakati huu wa likizo ni mtu mmoja tu, Vaileth, anayewalea wale wa kanisani wazazi wao wakiwa kazini. Nikaenda kwa unyenyekevu. Nikamweleza kwamba yeye anahitaji video ya michezo na nyimbo, mimi nahitaji ya kuogelea: watoto wake, bwawa langu, kila mtu apate chake.

Akauliza, “Kasiani, wewe unaogelea?”

Nikamwambia ahangaike na video yake.

Akanitazama kama anavyowatazama bodaboda. Halafu akakubali. Kwa masharti: watoto hawatoki upande wa maji mafupi, na akipuliza filimbi wote tunatoka. Nikauliza hata mimi? Akasema hasa mimi.

Ijumaa, 13 Desemba. Mikumi.

Naandika haraka.

Mwanzo ulikuwa mzuri kupita kiasi. Vaileth alimaliza video yake kwenye majani: watoto wakaimba, wakaruka, akawazungusha kama upepo. Halafu zamu yangu. Nikasimama kwenye maji ya kifuani, Hussein akanipiga video kuanzia mabega kwenda juu. Nikawa natembea chini huku mikono ikiogelea juu. Kulia, kushoto, shingo, pumzi. Ukitazama kwenye simu, samaki!

Happiness, mtoto wa darasa la tatu, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: “Mwalimu, miguu yako inatembea.” Nikamweleza kuwa hiyo ni staili. Akauliza inaitwaje. Nikasema staili ya Mikumi.

Hussein akapaza sauti kwamba picha ingependeza kama ningekwenda mbele zaidi, na mtoto mmoja nyuma yangu. Vaileth alikuwa amegeuka, anamfuta mtoto aliyejikwaa. Nikamwambia Imani, mdogo kuliko wote, aachie ukingo anifuate. Nilisema, “Njoo, mimi nipo.”

Nikapiga hatua. Nikapiga nyingine. Ya tatu haikukuta kitu.

Kumbe bwawa lina mteremko. Nilikwenda chini wima kama mwiko. Maji puani, maji machoni. Mikono ile iliyofuzu kwenye benchi ikasahau kila kitu. Nikaona miguu midogo karibu yangu ikirusharusha. Nilijua ni ya Imani. Nilijua pia kwamba sina msaada wowote kwake, na nikashika mguu wake. Si kumwokoa. Nilishika kwa sababu ulikuwepo.

Hilo sijamwambia mtu.

Filimbi nikaisikia kwa mbali, kama iko Kilosa. Halafu maji yakapasuka, Vaileth akaingia na gauni lake na viatu. Akanipiga mkono nikaachia. Akamtoa Imani kwanza. Kisha akarudi akanivuta kwa ukosi wa fulana hadi ukingoni na kuniacha pale nikikohoa.

Imani alitapika maji. Alilia. Kulia kwake kulikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyosikia mwaka huu.

Nikasubiri Vaileth anitukane. Hakutukana. Alikaa chini, mtoto mapajani, maji yakimchuruzika, akasema polepole: “Kasiani, mtoto huyu ana mama.”

Nyani wakachukua mkoba wangu, na hakuna aliyewafukuza.

Jumamosi, 14 Desemba. Mikumi.

Vaileth kanilazimisha twende kwa mama yake Imani. Nilipendekeza aende peke yake kwa kuwa anazungumza vizuri. Akapuliza filimbi.

Mama mtu anaitwa Paulina, anauza nyanya na vitunguu kando ya barabara kuu. Vaileth akaeleza yote, hakupunguza. Alisema na yeye ana kosa, kwa kuwa aligeuka. Mama Imani alisikiliza huku akipanga nyanya. Alipomaliza kupanga akazipangua.

Akaniuliza, “Wewe ndiye mwalimu wa kuogelea?”

Nikasema, “Ndiyo, mama.”

“Si mwalimu,” Vaileth akasema. “Hajui kuogelea.”

Mama Imani akanitazama usoni. “Ulimwitaje mwanangu?”

“Nilimwambia njoo.”

“Ukamwambia njoo,” akarudia. Akamvuta Imani karibu na kanga yake. Hakunipigia kelele. Hakutuambia tukae. Akamwambia Vaileth asante, akamfungia nyanya kwenye mfuko. Mimi hakunipa kitu, na nilishukuru kwa hilo.

Kurudi njiani nilijisikia vibaya kabisa. Nikaamua kuacha mambo haya, nimpigie dada wa wakala, niseme ukweli, yaishe.

Jioni nikafungua simu kumtafuta. Nikaikuta video. Hussein hakuzima! Imo yote, kuanzia staili ya Mikumi hadi ukingoni. Nikaitazama mara ya kwanza kwa aibu. Mara ya pili nikaona inavutia. Mara ya tatu nikaona kwamba ukikata mwanzo, na ukikata sehemu mtoto anayotapika, kinachobaki ni somo la uokoaji.

Nimeituma. Nimeandika: mwenzangu anaonyesha namna ya kuokoa, mimi naigiza mtu anayezama.

Jumatano, 18 Desemba. Mikumi.

Dada wa wakala kapiga. Sauti yenye furaha! Nikasimama. Nikamfanyia mama mdogo ishara azime redio.

Akasema wenye kambi wameitazama video yangu mara nyingi. Hawajawahi kuona mtu akiigiza kuzama kwa uhalisi kiasi hicho. Macho yale, walisema. Mikono ile. Nikasema nilijiandaa kwa muda mrefu.

Akasema bahati mbaya kambi haina nafasi ya mtu wa kuzama. Lakini yule dada aliyeingia majini na viatu, akatoa mtoto kwanza na mtu mzima baadaye, ndiye wanayemtaka. Tayari walikuwa na maombi yake, ila hakuandika kwamba anaogelea. Kwa nini hakuandika?

Nikamwuliza Vaileth jioni alipopita mgahawani. Akasema hawakumwuliza. Amekulia Masanze kando ya mto, kwao kuogelea ni kama kujua kuvuka barabara, nani anaandika kwamba anajua kuvuka barabara?

Nilimpongeza. Ilinitoka vizuri kuliko nilivyotarajia. Akanywa chai, akasema ataondoka mwezi wa tano, hivyo kuna muda: kila Jumamosi anaweza kunifundisha kuogelea, kuanzia maji ya magotini. Bure. Mama Imani amesema hata Imani atakuja, lakini mimi nisimguse.

Nilimwambia nimebanwa sana Jumamosi.

Mama mdogo akauliza kwa kitu gani.

Jumapili, 22 Desemba. Mikumi.

Baba amepiga baada ya ibada. Akauliza naondoka lini, watu wanamwuliza. Nikamwambia safari imesogezwa mbele kidogo. Nilisikia kuku wake. Nilikuwa karibu kusema. Kweli, nilishafungua mdomo. Akaniwahi: kama imesogezwa si neno, mvua zimeanza, nije nimsaidie kupanda mahindi, mama ananiulizia.

Ningeweza kwenda. Kupanda mahindi najua, na najua vizuri.

Lakini jana usiku dada wa wakala aliniandikia. Kuna kambi nyingine, iko milimani, haina ziwa hata dimbwi. Wanatafuta kijana wa kuwafundisha watoto kupanda farasi. Aliuliza kama nina uzoefu wowote. Nimemjibu kwamba nimekulia juu ya farasi.

Nimefanya uchunguzi. Wafugaji waliohamia kule Masanze wana punda. Punda ni farasi ambaye hakupata nafasi. Nakwenda kesho na gari la kwanza, na Hussein amekubali kuja kushika simu. Baba nimemwambia asubiri wiki ijayo.

Dada wa wakala kajibu sasa hivi. Anauliza kama naweza kuruka vizuizi na farasi.

Nimemwuliza vya urefu gani.