Upande Unaonata Mdomoni

Jamani, leo nimeaibika, na midomo bado ni ya zambarau.

Nafanya kazi studio ya picha hapa Morogoro. Bosi kaenda Turiani kwenye harusi, akaniachia kazi kubwa kwa mara ya kwanza: picha ya Zawadi, bibi harusi anayeagwa kwao leo jioni. Inatakiwa kusimama ukumbini.

"Karatasi kubwa imebaki moja," aliniambia. "Ukiiharibu, unarudi kukata picha za pasipoti."

Karatasi ya kung'aa ina upande mmoja tu unaokunywa wino. Ukiwa na wasiwasi, unagusisha kona mdomoni kabla ya kuchapa. Upande unaonata ndio wenyewe. Kisha kwenye kompyuta unachagua profaili ya rangi ya karatasi hiyo, yaani mpangilio wa wino, maana kila karatasi ina yake.

Yote hayo nayajua. Ila mvua ilikuwa imekatika, na dirisha letu linatazama mlimani. Mawingu yalikuwa yanashuka Uluguru polepole, kama mtu anayemfunika shuka mtoto aliyelala. Mawazo yangu yakapanda huko. Huko juu nilikuwa na studio yangu, naongea na wateja bila kutazama sakafu. (Huko juu sina aibu kabisa.)

Mkono ukabonyeza kuchapa.

Zawadi akatoka na ngozi ya kijani kama mgomba wa Matombo. Nilikuwa nimeacha profaili ya karatasi isiyong'aa. Na wino haukuzama. Ulisimama juu kama umande. Nikawaza, au nimegeuza upande? Nikafanya nilivyofundishwa. Nikaiweka mdomoni. (Kona tu. Lakini kona hiyo ilikuwa na bega la gauni la Zawadi.)

"Hodi."

Alikuwa mama yake Zawadi, yuko mlangoni.

"Shikamoo, mama," nikasema, karatasi bado iko mdomoni.

Hakuitikia. "Unambusu mwanangu?"

"Hapana, mama. Natafuta upande."

"Upande gani tena, na mwenzako kashaposwa?"

Zawadi akachungulia nyuma ya mama yake. "Kaka, mbona midomo yako ina rangi ya gauni langu? Na mbona mimi ni wa kijani?"

Nilitamani lile wingu liingie dirishani linifunike na mimi.

Nikawaomba wakae kidogo. Upande ule usiokunywa wino ni kama plastiki, kwa hiyo nikaufuta kwa kitambaa, nikasubiri ukauke. Nikageuza karatasi. Nikachagua profaili yake. Safari hii niliupa mlima mgongo.

Akatoka Zawadi mwenyewe, na ngozi yake mwenyewe, na gauni la zambarau linalomeremeta.

Mama yake akaitazama picha muda mrefu. Halafu akanitazama mimi.

"Marahaba," akasema.

Wakaondoka nayo. Sikuwaambia kwamba nyuma wino wote ulifutika, isipokuwa alama ya midomo yangu iliyokuwa imeshakauka pale kwenye kona.

Mnaokwenda ukumbini jioni hii, picha itazameni mtakavyo. Naomba tu mtu asiigeuze.