Kikongwe Mwekundu, Bibi Harusi wa Dukani, na Uamuzi wa Isakwisa

Sogeeni, enyi mliozaliwa penye upepo wa Ufipa, na ninyi mlioletwa huku na barua za uhamisho. Wekeni chini nyungo na mabeseni, mpeni mtoto kiporo cha ugali wa ulezi anyamaze, maana habari hii haitaki kelele. Na mkisogea mtakuta imekwisha kuanza, kwa kuwa mguu wa kulia wa Isakwisa unashuka juu ya kiki ya pikipiki kuukuu kwa mara ya ishirini na tatu, nayo pikipiki, kwa mara ya ishirini na tatu, inajibu, "Fyuu," kisha inanyamaza kama jabali.

Isakwisa ni nani? Ni mwana wa Rungwe, nchi ya ndizi na mvua, afisa mifugo aliyeletwa Sumbawanga na serikali. Ni Mpima-Mara-Mbili, Mwenye Daftari, mtu ambaye hajapata kununua hata kibiriti bila kukitikisa. Kwa miezi kumi na moja alikuwa akichagua pikipiki yake ya kwanza: si zile za kubebea abiria mjini, bali zile za miguu mirefu na matairi ya meno, ambazo kwao lami na mawe ni mamoja. Miezi kumi na moja! Mahindi yalipandwa, yakapaliliwa, yakavunwa, yakaliwa. Isakwisa alikuwa bado anachagua.

Wala haikuwa anasa. Mwaka uliopita alishuka bondeni, upande wa Wampembe, juu ya lori lililokuwa likifuata dagaa, amekumbatia kisanduku cha chanjo ya mdondo, ule ugonjwa ufyekao kuku kama panga. Lori liliharibika mara mbili. Barafu ikayeyuka siku ya kwanza, chanjo ikaharibika siku ya pili, na mwezi haukuisha kabla kuku wa kikundi cha akina mama hawajafa wote, jogoo kwa mtetea. Mwenyekiti wao, aitwaye Rose, hakumtukana. Alimpigia simu tu, akasema kwa upole unaouma kuliko siafu, "Bwana Mifugo, safari ijayo usituletee dawa. Tuletee kuku."

Sasa akina mama wale walikuwa wameuza ulezi wao wakanunua vifaranga wengine, na Jumatatu asubuhi wangeketi na matenga yao wakimsubiri. Na siku tunayoisimulia ni Jumamosi.

Basi kiki ya ishirini na nne. Fyuu. Ya ishirini na tano. Fyuu.

Kando, juu ya kigoda, uani kwake, aliketi mwenye pikipiki hiyo inayouzwa, Mzee Zenon, mkulima wa ulezi, Bwana wa Koti la Sufu lisilovuliwa Julai wala Desemba. Aliitazama vita ile kama mtu anayetazama mvua ya jirani.

"Mzee wangu," akasema Isakwisa akihema, "huyu amekufa?"

"Hajafa."

"Mbona haamki?"

"Koki ya mafuta imefungwa. Kila nikishuka naifunga, tangu padri aliponiachia pikipiki hii."

Upepo ukapita. Shujaa akainama, akaitazama koki. Ilikuwa imefungwa kama mdomo wa mwenye siri.

"Na hukuniambia?"

"Hukuuliza. Umeniuliza maswali arobaini ya kwenye daftari, nimekujibu arobaini. La koki halikuwemo." Mzee akavuta koti. "Halafu ninyi watu wa ofisi mkiambiwa mnaandika, mkichoka mnakumbuka."

Koki ikafunguliwa. Mguu ukapanda, mguu ukashuka, na yule Kikongwe Mwekundu, aliyebeba mapadri na makatekista juu ya uwanda huu kabla Isakwisa hajajua kufunga kamba za viatu, akakohoa, akatema wingu la moshi wa buluu, akanguruma. Kuku wakatawanyika kama jeshi lililosikia habari mbaya. Mlango wa jiko ukafunguliwa, akatoka Bibi Agnesi, mke wa mzee, na mwiko mkononi.

"Zenon! Umemfufua huyo maiti tena? Na shuka zangu ziko kwenye kamba!"

"Si mimi. Ni huyu mgeni wa ndizi."

"Shikamoo, mama," akasema mgeni wa ndizi.

"Marahaba, mwanangu. Uizime au uondoke nayo. Mojawapo."

Ndipo ukasikika upande wa barabara mlio mwingine, laini, kama cherehani iliyotiwa mafuta. Aliyekuja alikuwa Eustace, muuzaji wa duka la pikipiki mjini, Ulimi wa Asali, aliyekuwa ameombwa na Isakwisa alete pikipiki mpya ya dukani ipimwe penye uwanja uleule. Akaiegesha. Loo! Ilikuwa nyeupe kama bibi harusi, ina nailoni juu ya kiti, na kioo kilichoonyesha saa, mwendo, mafuta, na vitu vingine ambavyo Eustace mwenyewe alikuwa hajavimaliza.

"Mambo vipi, bosi! Shikamoo, mzee! Haya, mashine hii hapa. Haina kiki, haina koki. Kidole kimoja tu." Akabonyeza. Ikawaka. "Hiyo nyingine mtaiweka makumbusho, au?"

"Makumbusho wanalipa?" akauliza Mzee Zenon.

Isakwisa hakucheka wala hakununa. Akaenda kwa Bibi Agnesi, akanunua mayai arobaini, na hapo nia yake ikadhihirika, kubwa na ya kutisha. Aliyatandika ishirini ndani ya kisanduku cha baridi, juu ya nyasi, akakifunga nyuma ya pikipiki mpya. Ishirini ya pili yakangoja zamu yao. Maana mtu wa mifugo hapimi kwa maneno ya muuzaji. Hupima kwa yai.

Nyuma ya nyumba lilikuwapo shamba la ntumba, yale marundo ya majani yaliyofunikwa udongo, ambayo Wafipa huyaacha yaoze hadi msimu mpya ndipo wayasambaze. Yalijipanga safu kwa safu, kama askari walioketi.

"Pita katikati yao," akaonya Mzee Zenon. "Ukinibomolea moja, utalijenga kwa jembe, na jembe langu halina kidole kimoja."

Isakwisa akaingia vitani na Bibi Harusi. Akapanda, akashuka, akapinda, akarukaruka. Kofia ikamwangukia machoni, akaendelea kwa imani. Aliporudi, kisanduku kikafunguliwa mbele ya mashahidi. Mayai mawili yamevunjika.

Akaingia tena, sasa na Kikongwe. Kikongwe alitikisika kama mtu mwenye homa ya malaria; taa ya mbele ilining'inia, kioo cha pembeni kikageuka kumtazama dereva. Kisanduku kikafunguliwa. Kumi na moja.

"Mbili kwa kumi na moja!" Eustace akaruka. "Mechi imekwisha, bosi! Niandike risiti?"

Bibi Agnesi akachukua bakuli la mayai yaliyovunjika. "Mie sijui nani kashinda. Ila leo tutakula mayai."

Mtu mwingine angetoa jibu hapo hapo. Isakwisa aliketi juu ya jiwe.

"Mdogo wangu," akamwambia Eustace, "hebu niambie. Hii mpya ikinizimikia mteremkoni kule bondeni, nifanye nini?"

"Haizimiki."

"Ikizimika."

"Kuna kitaa cha njano kitawaka hapa. Kinakuonyesha kuna tatizo."

"Tatizo gani?"

"Hapo sasa ndiyo unatupigia simu. Tunaleta kompyuta, tunaichomeka, inasema yenyewe."

"Kule mteremkoni hakuna mtandao."

Eustace akafikiri kwa haki kabisa. "Unarudi juu ulikotoka, unaupata."

Isakwisa akamgeukia mzee. "Na hii, mzee wangu, ina ubaya gani?"

Ndipo Mzee Zenon akainuka, akasimama kama msomaji wa somo la kwanza kanisani, akatoa hotuba ambayo muuzaji hajapata kuitoa tangu biashara ianze duniani.

"Ubaya wake ni mwingi. Klachi inateleza ukiwa na mzigo. Ikiteleza, unakaza waya huu hapa, nusu mzunguko. Plagi inaingia uchafu. Unaisugua kwa jiwe. Taa hiyo haiwaki, usisafiri jua likizama. Mnyororo hukatika kila mvua ya kwanza, kiungo cha akiba nimekifunga chini ya kiti. Breki ya nyuma ipo kwa heshima tu. Na mlimani hukohoa, kwa sababu kabureta haijasafishwa tangu mjukuu wangu abatizwe, naye sasa anaoa. Mengine hakuna. Yangekuwapo ningeyajua, nimelala nayo barabarani kutoka hapa hadi Kipili."

Hata Eustace alivua kofia ya chuma.

Na mwana wa Rungwe akainuka juu ya jiwe. Enyi vilima, shuhudieni! Miezi kumi na moja ilikuwa imekusanyika nyuma ya meno yake.

"Mayai mawili ni bora kuliko kumi na moja," akasema taratibu. "Lakini mimi sibebi mayai, nabeba chupa ndogo, na chupa nitazifunga pamba. Ubaya unaojulikana ni kama mkwe mkorofi: unajua saa yake ya kuja, unapanga viti. Nachukua hii nyekundu."

"Bosi, kweli?" Eustace akamtazama kama mtu aliyeona ng'ombe akipanda ngazi. "Ukiwa na mpya?"

"Kweli."

Mikono ikashikwa. Na kwa kuwa jua lilikuwa bado lipo, kabureta ikafunguliwa palepale, ikaoshwa kwa petroli, na vipande vyake vikapangwa juu ya sinia la Bibi Agnesi kwa utaratibu wa Isakwisa, kila kimoja penye namba yake. Wakageuka kidogo tu, kutazama skrubu iliyogoma. Na katika kidogo hicho, mtetea mmoja wa kahawia, mtulivu, mwenye adabu zote, akapanda juu ya sinia, akachagua kipande namba saba, kile cha shaba chenye tundu dogo ambacho mafundi hukiita jeti, akakimeza.

Kilio kikapaa hadi Malonje.

"Achinjwe!" akasema Mzee Zenon.

"Nani achinjwe?" Mwiko wa Bibi Agnesi ukapanda juu kama mkuki. "Huyu anataga kila siku! Chinja pikipiki!"

Wote wakamtazama afisa mifugo. Akampapasa mtetea chini ya shingo, akafumba macho, akasema kwa sauti ya hakimu, "Kiko kwenye gole, ule mfuko wa chakula wa shingoni. Kikishuka kwenye firigisi kinaweza kutoka kesho, kinaweza kukaa mwezi. Mimi mwenyewe sijui."

"Basi akae chini ya tenga," akaamua Bibi Agnesi. "Kesho baada ya misa, kama hajatoa, tutazungumza. Kuzungumza tu, nimesema!"

Wakamfunika mtetea kwa tenga. Wakaketi kulizunguka, watu wazima wanne, wakimtazama kuku. Jumatatu ilikuwa inakuja. Pikipiki ilikuwa imelala tumbo wazi.

Eustace akasogea, akanong'ona, na safari hii hapakuwa na asali ulimini, ila huruma. "Braza, sikucheki. Ile nyeupe ipo hapo, ina mafuta. Sema neno moja, Jumatatu unafika kwa akina mama zako."

Isakwisa aliitazama ile nyeupe, akamtazama kuku. Alimwona Rose na matenga yake kama aliye mbele yake. Naam, jasho lilimtoka, na Ufipa ni baridi.

"Ahsante, mdogo wangu," akasema. "Hapana. Yako ikipungukiwa kitu sitajua kilipo. Yangu imepungukiwa, na kilipo nakijua." Akaelekeza tenga kwa kidole. "Kimo humo."

Na ijulikane Nkasi nzima, kutoka Kate hadi ukingo wa ziwa, isimuliwe mashambani na kwenye foleni za maofisi: kwamba mtu aliyekaa miezi kumi na moja bila kuchagua alichagua mara mbili katika siku moja, na mara zote mbili alichagua kilekile.

Mzee Zenon akaweka jiwe juu ya tenga. Bibi Agnesi akatandaza gazeti chini yake, ili asubuhi kisipotee kitu.